Kufundisha Wimbo wa Polepole kwa Mandolini: Mfano wa "Malaika"

Walimu wengi wanaoanza kufundisha muziki hupendelea nyimbo za haraka, kwa kudhani kwamba wimbo wa polepole ni rahisi mno na hauna la kumfunza mwanafunzi. Kwa mandolini dhana hiyo si sahihi. Katika makala haya tutaeleza kwa nini wimbo wa mapenzi wa mwendo wa pole ndio mtihani halisi wa chombo hiki, na jinsi ya kuufundisha katika madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Tumechagua "Malaika" kwa kuwa wanafunzi wengi wamekwisha kuusikia. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa katika santuri yao. Utungaji wake umebishaniwa kwa miaka mingi. Mwalimu asiwatajie wanafunzi mtungaji mmoja kana kwamba shauri hilo limekwisha.

Chombo chenyewe

Mandolini ina nyuzi nane za chuma zilizopangwa kwa jozi nne. Kutoka sauti ya chini kwenda ya juu, jozi hizo ni G, D, A na E, sawa na fidla. Jozi ikibanwa nyuma ya kijiti cha saba cha shingo, hutoa sauti ile ile ya jozi inayofuata ikiwa wazi. Hicho ndicho kipimo cha kurekebishia nyuzi pasipo na kinanda.

Uzi ukipigwa mara moja, sauti yake hufifia upesi. Mwimbaji huivuta silabi kwa pumzi. Mandolini haina pumzi. Kwa hiyo mpigaji hana budi kuipiga jozi ile ile kwa risha, chini na juu, upesi na kwa usawa, mpaka zisikike kama sauti moja ndefu inayotetema. Wimbo huenda pole, lakini mkono hufanya kazi ya haraka.

Hatua za somo

(i) Kuimba. Darasa liimbe wimbo wote bila chombo, kisha lijadili maana yake: kijana apendaye, lakini umaskini wamzuia kuoa. Mwalimu aandike maneno ubaoni. Wanafunzi waonyeshe silabi ndefu na mahali pa kuvuta pumzi.

(ii) Mkono wa kulia. Mwanafunzi apige jozi ya A ikiwa wazi, mara moja kwa kila pigo, kisha mara mbili, kisha mara nne. Risha ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada bila kukazwa. Kifundo cha mkono ndicho kicheze. Bega likikaza, mkono utachoka mapema.

(iii) Mahadhi. Apige noti moja kwa kila silabi, bila kutetemesha.

(iv) Kutetemesha. Atetemeshe silabi ndefu tu. Penye alama ya pumzi, risha isimame. Anayetetemesha kila noti huuchosha wimbo.

Wenye uwezo zaidi waweza kuwasindikiza wenzao kwa mashikizo ya G, C na D. Kila moja lahitaji vidole viwili tu.

Chombo kimoja, darasa kubwa

Shule nyingi hazitakuwa na zaidi ya mandolini moja. Hilo lisiwafanye wanafunzi thelathini kumtazama mmoja. Wakati mmoja anapiga, kundi la pili liige mwendo wa risha kwa kidole juu ya dawati, chini na juu, na kundi la tatu liimbe. Kisha wabadilishane, ili kila mtoto afike kwenye chombo akiwa amekwisha kuuzoea mwendo.

Upimaji

Kasi ya vidole si kipimo. Darasa liimbe pamoja na mpigaji, naye mwalimu asikilize mwisho wa kila mstari. Ikiwa waimbaji na risha hupumzika pamoja, mwanafunzi amefaulu. Ikiwa risha yaendelea baada ya pumzi kwisha, arudishwe kwenye hatua ya kwanza, akaimbe.