Mwambo wa Bolti

Msomaji mmoja wa Tanga, ambaye riziki yake yatokana na teksi ya Corolla, ametuandikia habari ya jambo lililomkosesha usingizi: gari lake lilichemsha, gasketi ya silinda hedi ikaungua, injini ikafunguliwa na kufungwa upya, na fundi, aliyeonekana akining'inia juu ya spana kwa uzito wake wote, akaapa kwamba bolti zile hazitalegea hata siku ya kiyama, ila haukupita mwezi, maji yakaanza tena kuingia katika oili. Je, auliza, bolti hazikukazwa vya kutosha?

Kazi ya gasketi na safari ya pistoni sitazieleza, kwani aliyelipia gasketi mbili kwa mwezi mmoja amekwisha kuzijua. Yatosha kukumbuka kwamba katika injini ya petroli ya 4A-FE, ambayo Corolla nyingi za miaka ya 1990 zilifungwa, kila silinda ina kipenyo cha milimita 81, na mafuta yakiwaka ndani yake kwa nguvu, hedi husukumwa juu kwa kiasi kikaribiacho uzito wa tani tatu, ilhali wa kuizuia isiinuke ni bolti 10 tu.

Aghalabu watu hudhani kwamba bolti hushika kwa ugumu wake, kama msumari ubaoni, na dhana hiyo ndiyo asili ya hasara nyingi. Bolti ni springi nene: ikizungushwa, hesi zake huzama katika bloku, kichwa chake huzuiwa na hedi kisishuke, na mwili wake ulio katikati hurefuka kwa sehemu ndogo ya milimita, na chuma kilichorefushwa, kwa kanuni ambayo mwanasayansi Robert Hooke aliificha katika fumbo la herufi zilizovurugwa mwaka 1676 na kuifumbua mwaka 1678, hutaka kurejea urefu wake kwa nguvu inayolingana na kadiri kilivyovutwa. Shauku hiyo ya kurejea ndiyo inayoibana gasketi.

Hapa lugha yetu hututega, maana neno "kaza" hubeba mambo mawili kwa pamoja: ugumu ausikiao fundi mkononi, na mvuto uliomo ndani ya bolti. La kwanza mafundi huliita toki, nami sina ugomvi nao, ijapokuwa "msokoto" lingalifaa. La pili halina jina gerejini, na kisicho na jina ni shida kukipima. Nilifikiri "mkazo", nikaona laturudisha kule kule. Nikafikiri "mvutano", likanukia ugomvi wa majirani. Hatimaye nikaenda kwa wapiga ngoma, ambao tangu kale wana kitenzi cha kuwamba, yaani kuitandaza ngozi na kuivuta mpaka iitike, na jina lake ni mwambo. Mwambo wa bolti, basi, ndiyo istilahi yangu, na asiyeipenda na alete yake.

Neno hili limekuja na elimu yake. Mwamba ngoma hamalizi kigingi kimoja ndipo aende cha jirani. Huvuta kidogo huku, akavuka ng'ambo akavuta kidogo, kisha akarudi, kwa kuwa ajua kwamba ngozi iliyoelemezwa upande mmoja hufanya makunyanzi upande wa pili, na ngoma yenye makunyanzi haina sauti. Methali yasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na fundi aanzaye na bolti iliyo karibu naye huitimiza methali hiyo kwa gharama ya mwenye gari, kwani hedi sharti ikandamizwe kutoka katikati kwenda pembezoni, kwa zamu na kwa awamu. Tena mwamba ngoma hapimi kazi yake kwa jasho, bali huigonga ngozi kwa kidole akaisikiliza. Bolti haimjibu fundi hivyo, na hapo ndipo spana imdanganyapo: katika kila 100 ya juhudi ya mkono, kama 50 huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, 40 huliwa na msuguano wa hesi, na 10 tu ndizo zifikazo katika mwambo. Kutu kidogo ikiupandisha msuguano kutoka 90 hadi 95, mwambo umepungua kwa nusu, na mkono wa fundi haukuhisi tofauti yoyote!

Dawa yake ni pembe. Waundaji wa 4A-FE huamuru toki ya niutoni-mita 29 tu, sawa na kuning'iniza kilo tatu kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Kisha kila bolti hutiwa nukta ya rangi upande wa mbele wa injini, ikazungushwa digrii 90, halafu 90 nyingine, hata nukta ikaelekea nyuma. Pembe haijali kutu: hesi isongayo milimita 1.25 kwa mzunguko mzima, ikipewa nusu mzunguko, imesonga milimita 0.625, iwe kavu au iwe na mafuta. Na katika bolti zilizoundwa kwa madhumuni hayo utamu wazidi, kwa kuwa huvutwa mpaka kuuvuka kidogo ukingo wa unyumbufu wake, pale ambapo chuma huendelea kurefuka ilhali mvuto wake hauongezeki ila kidogo mno, hata iliyozidishiwa digrii tano na iliyopunjwa tano zikawa na mwambo ulio karibu sawa, kama wazee wawili ambao tofauti ya miaka mitatu, iliyokuwa kubwa utotoni, haionekani tena.

Bolti zilizovutwa hivyo aghalabu hazirudiwi, matundu yake husafishwa kwanza, na kila injini ina hesabu zake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, bolti zako zilikazwa, pengine kupita kiasi, ila nina shaka kama ziliwambwa. Injini itakapofunguliwa tena, mpelekee fundi kikopo kidogo cha rangi nyeupe, na kabla hajarudisha kifuniko, inama uzihesabu nukta 10 zinazotazama nyuma.