Faili za Usanidi Zilindwe Kabla ya Kuhamia Toleo Jipya la Programu

Wananchi wamezoea kusoma tangazo kuwa mfumo fulani wa huduma hautapatikana kwa saa kadhaa kutokana na maboresho. Mara nyingi, katika saa hizo wataalamu wa TEHAMA huhamishia programu kwenye toleo jipya. Kazi hiyo ikifanyika bila kulinda faili za usanidi, programu inaweza kuwaka vizuri lakini ikashindwa kuifikia kanzidata yake, na huduma ikasimama.

Programu hutoka kwa mtengenezaji, lakini faili za usanidi hubeba maamuzi ya ofisi yenyewe: kanzidata iko wapi, nani anaruhusiwa kuingia na kwa masharti gani. Programu ikipotea hupakuliwa upya. Maamuzi hayo yakifutwa bila nakala, hayapatikani kwa mtengenezaji.

Mfano mzuri ni mfumo endeshi wa Debian, ambao Ubuntu umejengwa juu yake. Usanidi wake mwingi hukaa katika folda ya /etc. Wakati wa kuhuisha, programu iitwayo dpkg hukagua kama faili inayolindwa imebadilishwa na mtaalamu, na kama mtengenezaji naye ameibadilisha. Isipobadilishwa na mtaalamu, huwekwa mpya. Ikibadilishwa na mtaalamu pekee, huachwa ilivyo. Ikibadilishwa na pande zote mbili, dpkg husimama na kuuliza. Ya zamani ikibakizwa, mpya huwekwa kando kwa jina linaloishia na .dpkg-dist, mpya ikichaguliwa, ya zamani huhifadhiwa kwa jina linaloishia na.dpkg-old.

Hata hivyo, kila jibu lina gharama yake. Faili ya zamani inaweza kuwa na maagizo ambayo toleo jipya haliyatambui tena. Faili mpya nayo inaweza kurejesha masharti ya mtengenezaji na kulegeza ulinzi uliokuwa umewekwa.

Kwa sababu hiyo, mtaalamu anapaswa kunakili folda ya /etc kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuanza, kufanya jaribio kwenye seva isiyotoa huduma, kisha kulinganisha faili mbili hizo mstari kwa mstari kwa amri ya diff. Mabadiliko yote yaandikwe, ili atakayepokea zamu ajue kilichobadilishwa na sababu yake.

Muda unaotumika kunakili ni mfupi kuliko muda ambao mwananchi angesubiri huduma irejeshwe.