Mzee Mwenye Kovu Tumboni

Pengine nyumbani kwako yuko mzee mwenye kovu refu juu ya kitovu, aliyepasuliwa vidonda vya tumbo miaka ya 1970. Anywapo chai ya sukari nyingi kwa mkate, baada ya saa moja au mbili hutokwa jasho, akatetemeka, moyo ukamwenda mbio. Watu husema amerogwa, wengine eti ni deko. Sivyo.

Uko mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ushukao kutoka ubongoni hadi tumboni. Ukinusa tu harufu ya chakula, huliamuru tumbo litoe asidi. Mwaka 1943, huko Chicago, daktari Lester Dragstedt alianza kuwakata wagonjwa wa vidonda mshipa huo. Asidi ikapungua, na wengi wakapona.

Lakini asidi ina mwenzake. Sehemu ya chini ya tumbo hutengeneza homoni iitwayo gastrini, ambayo hupita katika damu na kuhimiza asidi itoke. Asidi ikitosha, yenyewe huizuia gastrini. Basi, mshipa ukikatwa na asidi ikapungua, kizuizi nacho hulegea, gastrini ikazidi katika damu. Kwa hiyo, ndugu mwenye kovu, mwambie daktari habari zake kabla hajapima damu yako, asije akadhani gastrini hiyo inatoka kwenye uvimbe.

Na zile tetemeko za mzee wetu? Mshipa ule ulilisaidia pia tumbo kusukuma chakula. Ulipokatwa, madaktari walilazimika kuupanua mlango wa chini wa tumbo ili chakula kisikwame. Kwa wengine sasa vitu vitamu huporomoka upesi mno. Utumbo hushtuka na kumwaga homoni zake, insulini ikatoka kupita kiasi, na baadaye sukari ya damu hushuka ghafula. Ale kidogo kidogo mara nyingi, apunguze sukari, wala asinywe pamoja na chakula. Ikiendelea, aende hospitali.

Siku hizi upasuaji huo ni nadra. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth, Australia, walifaulu kuotesha bakteria waletao vidonda vingi, nao hutibiwa kwa vidonge. Lakini wazee wa zamani zile bado tunao mezani. Jioni ya leo mpakulie mzee wako sahani ndogo, na kikombe cha chai kingoje kwanza.