Kabla ya Kununua Kigari cha Mtoto, Mpimeni Baba

Jumapili moja ya mwezi wa Machi, mvua ikiwa imekatika alfajiri, tulitoka nyumbani kwetu Kihesa, mjini Iringa, kwenda kanisani tukiwa na kigari kipya cha mtoto. Kilikuwa kipya kwetu sisi tu, maana tulikinunua kwenye mitumba kwa shilingi 40,000. Kilikuwa cha buluu, chepesi, chenye kijihema cha maua, na watoto wetu wawili wakubwa waligombania kukisukuma.

Kanisani hatukufika. Kwenye mfereji wa pili gurudumu la mbele lilizama katika tope na mguu wake wa plastiki ukapasuka. Baba alirudi nyumbani amemshika mtoto kwa mkono mmoja na kigari kwa mkono wa pili. Mama alifuata nyuma, viatu mkononi.

Leo tukikumbuka tunacheka. Siku zile hatukucheka, kwa sababu kigari kile kilituletea jambo zito kuliko gurudumu lililovunjika. Tumeona tuwaeleze akina mama wasomaji wa ukurasa huu, hasa wale wanaoishi milimani kama sisi, na hasa wale walioolewa na wanaume warefu.

Kwa nini tulitafuta kigari

Sisi ni watu wa mbeleko. Watoto wetu wawili wa kwanza walikulia mgongoni, wakalala mgongoni, wakaenda sokoni na shambani mgongoni. Wa tatu alizaliwa kwa upasuaji, na maumivu ya mgongo yaliyomwanza mama wakati wa mimba hayakuondoka. Mtoto alipofikisha miezi minane alikuwa na kilo 9. Daktari akasema mama asimbebe mgongoni kwa miezi kadhaa.

Msichana wa kazi hatukuwa naye. Soko, kliniki na kanisa, vyote tulivifuata kwa miguu. Na anayeijua Iringa anajua kwamba mji umekaa juu, bonde la Ruaha Mdogo liko chini. Anayepanda kutoka Ipogolo, kwenye barabara kuu, hana haja ya kuelezwa. Magoti yake yanajua.

Mama mkwe alipoona kigari alitikisa kichwa. "Wanangu," alisema, "hicho ni cha watu wenye lami mpaka mlangoni." Hakukosea sana.

Tulidhani ni aibu

Fundi baiskeli alitufungia ule mguu kwa bati, kigari kikarudi kazini. Lakini sasa tukaona jambo jingine. Kila tulipotoka, baba alisukuma mpaka njia panda, kisha akamwachia mama. Wiki ya kwanza ilikuwa hivyo, na ya pili hivyo hivyo.

Mama akahitimisha moyoni kwamba mumewe anaona haya kuonekana na wanaume wenzake akisukuma mtoto. Hakuuliza, alinuna. Baba naye alinyamaza, maana mwanamume mwenye urefu wa sentimita 190 huona vigumu kukiri kwamba kigari cha kilo 6 kinamshinda. Mama akaendelea kusukuma kwa mgongo ule ule mbovu, na chakula cha jioni kikawa kinaliwa kimya kimya. Wiki tatu nzima!

Aliyetufungua macho ni binti yetu wa miaka saba. "Mama," alisema, "mbona baba anapiga kigari mateke akitembea?"

Tukatazama. Ni kweli. Kila alipopiga hatua, mguu wake uligonga chuma cha nyuma kinachounganisha magurudumu. Ili asikigonge alikisukuma kwa mbali, mikono ameinyoosha, mgongo ameupinda kama mtu anayepalilia kwa jembe la mpini mfupi. Baada ya mita mia tatu za kupanda, kiuno kilikuwa kinawaka moto. Haikuwa aibu hata kidogo. Kigari kilikuwa kifupi kwake.

Usiku ule tulichukua utepe wa kushonea nguo tukapima. Mpini wa kigari ulikuwa sentimita 92 kutoka chini. Kiwiko cha mama kilikuwa sentimita 103, na cha baba sentimita 119. Mama aliomba radhi kwa kununa, baba akaomba radhi kwa kunyamaza. Tukalala kwa amani, ingawa bado tulikuwa hatuna kigari kinachofaa.

Pima mpini

Yafuatayo tulijifunza polepole, mengine baada ya kuhamia Mbeya mwezi wa Julai mwaka ule, ambako mitaa ya upande wa mlima Loleza hupanda na mawe yake hayamhurumii mtu.

Jambo la kwanza ni mpini. Msukumaji asimame wima, mabega yamelegea, viwiko vimekunjwa kidogo. Mikono ikae chini ya kiwiko kidogo, kama upana wa kiganja hivi. Kwa mtu wa sentimita 190 mpini hufaa ukiwa kati ya sentimita 105 na 115. Kisha atembee kwa hatua zake za kawaida, si hatua za dukani. Mguu ukigonga nyuma, kigari hicho si chake, hata kama ni kizuri namna gani.

Mpini unaopanda na kushuka ndio bora, maana baba na mama hawalingani. Usipoupata, tafuta mpini ulio usawa wa kiwiko cha yule mfupi. Mfupi atasukuma bila taabu, na mrefu hatapinda sana.

Wengine humwomba fundi wa kuchomelea arefushe mpini. Inawezekana, lakini kwanza peleka sumaku. Ikishika, ni chuma na fundi wa kawaida atakiweza. Isiposhika, huenda ni aluminiamu, ambayo haichomelewi kwa mashine ya kila fundi. Na kumbuka kwamba mpini uliorefushwa hukifanya kigari kiwe chepesi kubinuka nyuma ukiukandamiza. Ukisharefushwa, kijaribuni na mzigo kwanza, si na mtoto.

Magurudumu ya njia zetu

Vigari vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli vilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren wa Uingereza, mhandisi aliyekuwa akitengeneza sehemu za ndege. Alitaka kigari chepesi cha kusafiri nacho, na magurudumu yake madogo yanatosha kwenye sakafu na lami. Kwenye mfereji wa Kihesa hayatoshi.

Mwaka 1984 huko Marekani baba mmoja, Phil Baechler, alitaka kukimbia mazoezi pamoja na mwanawe. Akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari, na ndipo vikaenea vigari vya magurudumu matatu makubwa. Tulipoisoma habari hiyo tulifurahi. Basi hata wenzetu wa huko walianzia kwa fundi baiskeli!

Gurudumu kubwa hupita juu ya jiwe ambalo dogo hugota. Kwa njia za mawe na makorongo tafuta lenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, yaani inchi 12 na kuendelea. Saizi za inchi 12 na 16 ndizo za baiskeli za watoto, kwa hiyo tairi na tyubu hupatikana kwa mafundi. Tairi za upepo ni laini kwa mtoto, ila hutobolewa na miiba. Usizijaze mpaka ziwe ngumu kama jiwe, maana kigari kitarukaruka.

Gurudumu la mbele likiwa la kuzunguka, liwe na komeo la kulifunga lielekee mbele. Sokoni lifungue upate kukata kona. Kwenye mawe na kwenye mteremko lifunge.

Mlima hupandwa, mlima hushukwa

Akina mama wengi huuliza juu ya kupanda. Hatari yenyewe iko katika kushuka. Breki ya kusimamia ishike magurudumu yote mawili ya nyuma. Ijaribu kwenye mteremko na mfuko wa unga wa kilo 10 ndani. Kigari kisisogee hata kidole. Vigari vingine vina breki ya mkono kama baiskeli, na ukikipata cha namna hiyo milimani umepata rafiki.

Tena funga mkanda wa kitambaa imara kutoka kwenye mpini mpaka kwenye kifundo cha mkono wako. Ukiteleza kwenye tope, utaanguka wewe, lakini kigari hakitakwenda zake. Vikapu vya sokoni visining'inizwe kwenye mpini, maana vikizidi uzito kigari hubinuka, hasa mnapopanda. Viwekwe chini ya kiti.

Mtoto mwenyewe

Mtoto asiyeweza kukaa bado anahitaji kigari kinacholala kabisa. Akikalishwa, kichwa huinama mbele na pumzi huweza kubanwa. Mikanda iwe mitano: miwili ya mabega, miwili ya kiuno, na mmoja wa katikati ya miguu.

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Iringa tunaijua. Mvalishe kofia na soksi, mfunike miguu kwa blanketi. Lakini jua likitoka usifunike kigari chote kwa kanga. Ndani hewa hukosa njia na joto hupanda upesi.

Kwenye mitumba, kagua bawaba na makomeo ya kukunjia. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitoa wito nchini Marekani kuhusu vigari vipatavyo milioni 1, baada ya watoto kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba, ikawapa wenye vigari vifuniko vya kuzizibia. Kigari cha zamani hufika sokoni kwetu bila vifuniko hivyo. Basi kila unapokikunja au kukikunjua, hakikisha mtoto yuko mbali.

Tulichopata hatimaye

Tulizunguka soko la Mwanjelwa Jumamosi nne. Tulikiona kigari cha magurudumu matatu, ya nyuma inchi 16 na la mbele inchi 12, mpini wa ngazi tatu, ya juu sentimita 109. Muuzaji alitaka 130,000. Tukatia mfuko wa unga ndani, baba akakisukuma kwenda na kurudi huku watu wakitutazama, tukaona tyubu moja imetoboka na waya wa breki umekatika. Tukamwonyesha. Tukaelewana 95,000, na fundi akachukua 18,000 pamoja na vifaa. Kile cha buluu tulikuwa tumemuuzia jirani anayeishi kando ya lami kwa 25,000, tukamweleza kasoro zake zote.

Cha sasa nacho kina taabu zake. Kina kilo 12, na kwenye daladala ni ugomvi na kondakta. Mama anayepanda gari kila siku, mgongo wake ukiwa mzima, bado mbeleko itamfaa kuliko kigari chochote. Sisi wenyewe tuliirudia mbeleko mama alipopata nafuu.

Kabla hujatoa fedha, jiulize:

1. Je, yule mrefu amekisukuma kwa hatua zake bila kukigonga?
2. Je, yule mfupi naye anakiweza?
3. Je, tairi na tyubu zake zinapatikana kwa fundi wa mtaani?
4. Je, breki imeshika mteremkoni kikiwa na mzigo?
5. Je, mikanda ni mitano na vifungo vyake ni vizima?
6. Je, kinapita mlangoni, na kinaingia kwenye bajaji?
7. Je, fedha ya matengenezo tumeihesabu ndani ya bei?

Mwezi uliofuata mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Iringa. Jumapili tulipanda wote kwenda kanisani, baba mbele na kigari, mgongo umenyooka, binti yetu akihesabu mawe tuliyopita juu yake. Baada ya ibada, wazee wawili walimzuia baba mlangoni. Mama alisimama kusikiliza, akidhani labda wanamcheka.

Walikuwa wanauliza kigari kimenunuliwa wapi, na kama mpini unapanda zaidi ya hapo.