Je, Wajua? Paja Huweza Kuvunjika Bila Mtu Kuanguka

Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko yote mwilini. Kwa kawaida huvunjwa na ajali ya gari au kuanguka kutoka juu. Lakini wako wagonjwa waliovunjika wakiwa wamesimama tu, wanageuka kuchukua kitu.

Je, wajua kuwa baadhi yao walikuwa wakimeza dawa ya kuimarisha mifupa? Mojawapo ya dawa hizo, alendroneti, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kutibu mifupa iliyodhoofika. Mwaka 2005 madaktari wa huko walieleza habari za wagonjwa 9 waliovunjika kwa namna isiyo ya kawaida wakiwa kwenye dawa hiyo. Oktoba 2010, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaagiza onyo liwekwe kwenye dawa za kundi la alendroneti.

Sababu ni hii: mwili hubomoa mfupa mkuukuu na kujenga mpya bila kukoma. Dawa hizi huzuia seli zinazobomoa, na hapo ndipo faida yake ilipo. Zikitumika miaka mingi, nyufa ndogo zinazotokana na kutembea hubaki bila kukarabatiwa. Ufa huanzia upande wa nje wa paja, ambao huvutwa kila mtu anapokanyaga.

Je, wajua kuwa paja hutoa taarifa mapema? Takriban wagonjwa 7 kati ya 10 husikia maumivu ya paja au kinena wiki au miezi kadhaa kabla ya kuvunjika. Inasikitisha kwamba wengi huambiwa ni mgongo, au ni uzee, wakarudishwa nyumbani na dawa ya kuchua.

Picha ya eksirei ya nyonga peke yake haitoshi. Paja lote lipigwe picha, kutoka nyonga hadi goti. Daktari hutafuta kivimbe kidogo kwenye ganda la nje la mfupa, na pengine mstari mwembamba mweusi uliokatiza ganda hilo. Eksirei isipoonyesha kitu na maumivu yakaendelea, MRI huweza kuuona ufa. Mfupa ukishakatika kabisa, hukatika kwa kukingama, kama chaki. Na paja la pili lipigwe picha hata kama haliumi, kwa sababu mara nyingi nalo lina ufa.

Matibabu? Dawa husika husimamishwa na daktari, kalsiamu na vitamini D huangaliwa. Mfupa uliokatika huwekewa chuma kirefu ndani ya uwazi wake. Ufa wenye maumivu nao mara nyingi huwekewa chuma kabla haujaachia. Usiouma huweza kusubiriwa kwa magongo na picha za mara kwa mara. Kupona huchukua muda mrefu.

Je, wajua kuwa faida bado ni kubwa kuliko hatari? Utafiti wa California uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kuwa, kwa wanawake Wazungu 10,000 wanaotumia dawa kwa miaka 3, mivunjiko 149 ya nyonga huzuiwa na 2 ya aina hii hutokea. Kwa wenye asili ya Asia ni 91 kwa 8. Dawa ikiachwa, hatari hushuka haraka.

Kwa hiyo usiitupe dawa yako kwa hofu. Ila kama umeitumia miaka mitatu au zaidi na paja linauma, mwambie daktari jina la dawa na muda ulioitumia, kisha omba mapaja yote mawili yapigwe picha.