Wahesabuo Mwewe Mlimani

Hakuna mfuga kuku wa pwani asiyemjua mwewe, kwani kivuli chake kikipita uani watoto hupiga kelele, tetea hutanua mbawa, na vifaranga hutoweka chini yake kabla hujajua walikokimbilia. Chuki hiyo si yetu peke yetu. Katika jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, wenyeji nao walimchukia ndege huyu na jamaa zake wote, wakatuzidi kwa kuwa na bunduki na mahali pa kumvizia: ukingo wa safu ya milima ya Kittatinny, ambako kila mwaka, joto linapoondoka na majani yanapoanza kupukutika (majira ambayo vitabu vyetu vya shule huyaita vuli, ijapokuwa vuli yetu ni ya mvua), mwewe, vipanga, kozi na tai hupita kwa maelfu wakielekea kusini. Mnamo mwaka 1929 serikali ya jimbo ilitangaza zawadi ya dola 5 kwa kila kozi mkubwa wa misituni aliyeuawa, na watu wakapanda mlimani kufyatua risasi, wala hawakuulizana aliyeanguka ni kozi au siye.

Sababu ya ndege hao kushika njia ile moja si siri. Kiumbe mzito anayesafiri masafa marefu hawezi kupiga mbawa kutwa kucha, bali hutafuta hewa ya kumbeba, mfano wa nahodha asiyegusa kasia maadamu tanga limejaa. Na upepo wa kaskazini-magharibi, unapougonga ubavu wa mlima na kulazimika kupanda juu, humchukua mwewe maili nyingi naye ametulia tu, mbawa zimenyooka.

Mwaka 1934 bibi mmoja wa New York, Rosalie Edge, ambaye hapo kabla alikuwa mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura, alikodi sehemu ya mlima huo, takriban eka 1,400, akamweka Maurice Broun na mkewe Irma wawe walinzi. Irma alisimama njiani kuwarudisha wenye bunduki, na mumewe akapanda mwambani na daftari. Tangu siku hizo mahali hapo, paitwapo Hawk Mountain, hesabu haijakatika ila wakati wa Vita Vikuu vya Pili, baina ya mwaka 1943 na 1945.

Kazi yenyewe huanza tarehe 15 Agosti na kwisha tarehe 15 Desemba, baridi ikiwa imekwisha kuwa kali. Mhesabuji huketi juu ya mawe na darubini yake, na kila saa huandika upepo unavuma kutoka wapi, mawingu yakoje, na ni ndege wangapi wa kila namna waliopita. Wengi huonekana kama doa tu, na rangi haisaidii kitu. Mhesabuji huwatambua kwa umbo na mwendo. Tai huja mbawa zake zimelala sawasawa kama ubao. Tumbusi huziinua kidogo na kuyumbayumba kama mlevi. Kozi mdogo hupiga mbawa mara chache upesi upesi, kisha huteleza, kisha hupiga tena. Juu ya mti mrefu wamechomeka sanamu ya bundi, kwa kuwa mwewe humchukia bundi, wala hawapatani asilani, na apitaye karibu hujitupa kumshambulia, akaonekana vizuri. Sisi tunaomwona bundi kuwa ni mkosi hatungemdhania kazi ya heshima namna hiyo.

Mtihani huja katikati ya Septemba, wanapopita mwewe wa mbawa pana waendao Amerika ya Kati na ya Kusini. Hao hupanda pamoja katika nguzo ya hewa yenye joto, mamia kwa mamia, wakizunguka kama majani ndani ya kisulisuli, na mgeni ajaribuye kuwahesabu hapo atamhesabu mmoja mara tatu. Mzoefu hungoja. Wafikapo kileleni hujiachia na kuteleza kusini mmoja nyuma ya mwenzake, na hapo ndipo huhesabiwa, nao wakizidi, kwa makumi. Siku moja ya Septemba mwaka 1978 walipita zaidi ya 20,000.

Lakini idadi kubwa hufurahisha tu. Iliyofaa zaidi ilikuwa ndogo. Tai wa kichwa cheupe, nembo ya Marekani, huwa mweusi mwili mzima angali kijana, hivyo kinda hutambulikana kwa mbali. Baina ya mwaka 1935 na 1939, katika kila tai 100 walioonekana hapo, 40 walikuwa vijana; baina ya 1955 na 1959 walibaki 20, na mwaka 1957 alionekana kijana mmoja kwa kila wazima 32. Wazee walikuwa wakipita kama kawaida, hata mtazamaji wa mwaka mmoja asingeona kasoro yoyote. Walioadimika ni watoto. Mwandishi Rachel Carson alizitia takwimu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu madhara ya sumu za kuulia wadudu, na mwaka 1972 serikali ya Marekani ilipiga marufuku DDT, mojawapo ya sumu hizo, mashambani. Mwaka 2007 tai huyo aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Na tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Huko Batumi, Georgia, baina ya milima na Bahari Nyeusi, ndege wawindao zaidi ya milioni moja huhesabiwa kila mwaka, na baadhi yao safari yao huwaleta Afrika. Tai wa nyika za Urusi na Kazakhstan huvuka Bab-el-Mandeb, ambako bahari ni nyembamba, kwani juu ya maji hakuna hewa ya joto ya kuwainua. Mvua zinapoanza kunyesha huku kwetu, huweza kuonekana mbugani, jitu zima lililotoka mbali kiasi hicho, likitembea kwa miguu majanini na kudonoa kumbikumbi mmoja mmoja, kama kuku.