Kukitumikia Chama cha Hisani: Niliyoyaona na Niliyojifunza

Muhula uliopita wanafunzi kadhaa wa Kidato cha II waliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa maneno machache. Waliniuliza hivi: "Hao watu wanaofanya kazi katika vyama vya hisani bila mshahara, wanapata nini?" Mmoja wao alicheka akasema ya kuwa hapana mtu afanyaye kazi bure, lazima pana kitu kimefichwa. Kwa kuwa mimi niliwahi kukitumikia chama kimoja cha namna hiyo kwa muda wa miezi mitatu, nimeona yafaa niwajibu katika gazeti letu, ili walimu na wazazi wetu nao wasome.

Chama kisichotafuta faida ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba chama kisichotafuta faida ni chama kisicho na fedha. Sivyo. Chama cha namna hii huweza kuwa na fedha nyingi, magari, maghala, na hata watumishi wa mshahara. Tofauti yake na duka ni moja. Mwisho wa mwaka, fedha ikibaki, mwenye duka huitia mfukoni, na ni haki yake. Katika chama, hapana mtu anayeruhusiwa kugawana masalio. Hurudishwa katika kazi ambayo kwa ajili yake chama kiliundwa. Katika nchi yetu iko Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, na mashirika yaliyoandikishwa kwa sheria hiyo hutakiwa kutoa taarifa ya kazi na hesabu zake kila mwaka.

Basi chama huishi kwa vitu vitatu: fedha za watu, vitu vya watu, na nguvu za watu. Hiyo nguvu inayotolewa bila mshahara ndiyo iitwayo kujitolea.

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 24 Juni, 1859, mtu mmoja wa Uswisi aitwaye Henry Dunant, aliyekuwa safarini kwa shughuli zake za biashara, alifika karibu na Solferino, kaskazini ya Italia, siku majeshi ya Austria yalipopigana na majeshi ya Ufaransa na Sardinia. Maelfu ya majeruhi walikuwa wamelala bila maji wala dawa. Katika mji wa jirani wa Castiglione, Dunant na wanawake wa mji ule waliwahudumia majeruhi kanisani, bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani. Mwaka 1862 aliandika kitabu juu ya mambo aliyoyaona, na mwaka 1863 yeye na wenzake wanne waliunda kamati mjini Geneva. Kamati hiyo ndiyo mwanzo wa Msalaba Mwekundu. Hapa kwetu chama cha Msalaba Mwekundu kiliundwa kwa sheria mwaka 1962.

Mwaka 1965, katika mkutano uliofanyika Vienna, vyama vya Msalaba Mwekundu vya dunia nzima vilitangaza kanuni saba za kazi yao. Mbili kati ya hizo nitazirudia hapa chini. Ya kwanza ni kujitolea, yaani kutoa huduma pasipo kutamani faida. Ya pili ni kutopendelea, yaani kumsaidia mtu kwa kadiri ya haja yake tu, bila kutazama kabila lake, dini yake, wala siasa yake. Chama nilichokitumikia mimi kilikuwa kingine, kidogo, nacho sitakitaja jina, lakini kanuni hizo mbili zilikuwa zimebandikwa ukutani katika ofisi yake. Nilizisoma kila siku. Kuzisoma ni rahisi.

Jinsi nilivyoingia

Nilimaliza Kidato cha IV mwezi Novemba, 2023, nikawa nyumbani nikingoja kuingia Kidato cha V. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makali. Mto Rufiji ulifurika, maji yakaingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na watu wengi wakahama bondeni. Kijiji chetu kipo mwinuko, kwa hiyo kambi moja ilifunguliwa karibu nasi. Katibu wa chama alikuwa akitafuta vijana wanaojua kusoma na kuandika vizuri. Nilikwenda.

Nitasema kweli: sikwenda kwa huruma tu. Nilikuwa nimechoka kukaa bure, na tena niliwatamani wale vijana waliovaa fulana za chama. Posho yetu ilikuwa chakula cha mchana na nauli kwa waliokaa mbali. Mimi sikukaa mbali.

Kazi ya kwanza haikuwa ya kishujaa. Tulipewa marobota ya nguo zilizochangwa na watu wema wa mjini, tukaambiwa tuyachambue. Kwa siku mbili nzima tulikuta makoti mazito ya baridi, suti za harusi, na viatu vya upande mmoja. Nguo za watoto, ambazo ndizo zilizohitajiwa sana, zilikuwa chache. Katibu alitueleza hivi: kila robota lisilofaa limelipiwa nauli ya gari, limechukua nafasi ghalani, na limekula siku za vijana. Nilielewa siku ile kwamba kutoa ni moyo, lakini moyo peke yake hautoshi, anayetaka kutoa yampasa aulize kwanza, "Mnahitaji nini?" Mara nyingi jibu litakuwa fedha, maana kwa fedha chama huweza kununua sokoni kitu kile kile kinachotakiwa, kwa kadiri inayotakiwa.

Kazi ya pili ilikuwa kuandika watu. Tulipita kila kibanda, tukaandika jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu wake, watoto wadogo, wajawazito na wazee. Wengine walitukasirikia wakasema, "Tuna njaa, nyie mnaandika!" Lakini katika kambi kila jambo hutegemea hesabu. Kanuni za kimataifa za misaada husema kwamba kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na kwamba choo kimoja kisizidi watu 20 kambi ikisha kutulia. Asiyejua idadi ya watu atajuaje apeleke maji kiasi gani, au achimbe vyoo vingapi?

Kosa langu

Sasa nafika katika habari ambayo kwa muda mrefu sikupenda kuisimulia.

Maji ya mafuriko yakianza kupungua huacha madimbwi, na katika madimbwi hayo mbu waenezao malaria huzaliana. Kwa hiyo tuliletewa vyandarua. Kanuni ilikuwa chandarua kimoja kwa watu wawili. Tulijumlisha daftari, tukapata kwamba sehemu yetu ya kambi ilihitaji vyandarua 118. Vikaletwa 118, bila kimoja cha ziada.

Mimi niliwekwa mezani kusoma majina na idadi kwa sauti, na mwenzangu akitoa vyandarua. Katika mstari alikuwamo mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye nyumba yake na shamba lake la mpunga vilikuwa vimechukuliwa na maji. Katika daftari aliandikwa watu wawili, yeye na mkewe. Haki yake ilikuwa chandarua kimoja. Alipofika mbele yangu nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, "Marahaba, mpwa wangu," kwa sauti ya mtu aliyechoka sana. Mjomba huyu ndiye aliyeninunulia sare nilipoingia Kidato cha I. Nikatazama daftari, nikasoma kwa sauti, "Watu sita." Akapewa vitatu. Sikubadili karatasi, nilibadili neno tu. Nilijiambia kwamba vyandarua viwili si kitu.

Jua lilipokuwa linashuka, mstari ulikuwa umebaki na mtu mmoja. Alikuwa mama mwenye watoto watatu, mdogo akiwa mgongoni. Watu wanne, vyandarua viwili. Mwenzangu akaingiza mkono katika boksi la mwisho, akalikuta tupu.

Katibu hakupiga kelele. Alisema, "Tuhesabu tena." Tukahesabu majina, yote yalikuwa na alama. Tukahesabu mafungu, yalikuwa 118. Mwenzangu, ambaye mkono wake ndio uliotoa vyandarua, alianza kutetemeka, maana watu walikuwa wanamtazama yeye. Yule mama alikuwa amesimama kimya, akimbembeleza mtoto. Hapo ndipo niliposema, "Ni mimi."

Katibu aliniuliza swali moja tu: "Viko wapi?" Nikamjibu. Akasema, "Basi nenda ukavilete, wewe mwenyewe. Huyu mama atangoja hapa."

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, ingawa haikuwa hata hatua 200. Nilimkuta mjomba amekaa juu ya mkeka. Nikamweleza yote huku nikitazama chini. Nilidhani atanikasirikia kwa kumwaibisha. Alinyamaza kidogo, kisha akavuta vile viwili kutoka chini ya mkeka, bado vimo katika mifuko yake, akasema, "Mimi nilidhani kila mtu amepewa vitatu. Mpwa wangu, hukunisaidia. Umenifanya mwizi bila mimi kujua."

Nilivirudisha, yule mama akatia kidole gumba katika daftari, akaenda zake. Kesho yake Katibu aliniondoa mezani, nikachota maji ya jikoni kwa wiki mbili. Hakunifukuza. Nami niliomba radhi kwa mwenzangu mbele ya vijana wote, maana jina lake ndilo lililokuwa karibu kuharibika.

Kwa nini kutopendelea ni sharti

Nimefikiri sana juu ya jambo lile. Katika nyumba, kumpendelea mjomba ni adabu njema, na mtu asiyemjali mjomba wake twamwona hana shukrani. Lakini vyandarua vile havikuwa vyangu. Vilinunuliwa kwa fedha za watu wasionijua, wakaviamini mikononi mwa chama, na chama kikaviamini mikononi mwangu. Kama ningetaka kumlipa mjomba fadhili yake, ilinipasa nimlipe kwa kitu changu. Na ndivyo nilivyofanya baadaye, nilipokwenda kumsaidia kujenga nyumba yake baada ya maji kukauka.

Tena, upendeleo mdogo hauui mtu mmoja mbele ya macho yako. Huanguka juu ya mtu wa mwisho katika mstari, ambaye aghalabu humjui, naye ni yule asiye na ndugu mezani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari likiwapo, mali hupotea ikiwa msomaji wake si mwaminifu.

Maneno kwa wanaotaka kujitolea

Kwa wanafunzi wenzangu: kama mwataka kukitumikia chama, kwanza ulizeni kimeandikishwa wapi na hesabu zake husomwa na nani. Chama kizuri hakikasiriki kikiulizwa. Pili, kubalini kazi ndogo, kama kuchambua nguo, kuandika na kuchota maji, maana kazi kubwa husimama juu ya hizo. Tatu, kama ndugu yako yumo mstarini, mwambie kiongozi mapema, umpishe mwingine mezani. Si aibu kusema hivyo, nasikitika sikusema.

Kwa wazazi: mkichangia, msione haya kudai stakabadhi. Stakabadhi humlinda mtoaji, na humlinda pia yule kijana anayepokea.

Tangu mwaka 1985 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 5 Desemba kuwa siku ya wanaojitolea duniani. Lakini hapana haja ya kungoja siku hiyo. Hapa shuleni wapo wenzetu wagonjwa wanaohitaji kuandikiwa masomo waliyoyakosa, na ipo maktaba ambayo vitabu vyake havina orodha kamili.

Na wale vijana wa Kidato cha II waliouliza tunapata nini, nawajibu hivi. Nilipata wali na maharage kila mchana. Nilipata fulana moja, ambayo sasa imechakaa. Na nilijifunza kusoma namba kama zilivyoandikwa.

— Mwanafunzi, Kidato cha VI